Kilobaiti Nne za Chumba cha Dawa

Siku ya kwanza Kilo alipoingia dukani kwangu alinikataa kabla sijamuuzia kitu. Nilikuwa nimempangia mezani vipande vinne vya kumbukumbu ya kompyuta, nimevifuta vumbi mpaka vinang'aa, nikamhakikishia kwamba akivipachika mashine yake kuukuu itapaa. Akavaa miwani, akaivua, akatoa nyingine mfukoni mwa shati, akaviinamia vile vipande kama mtu anayekagua samaki wa juzi.

"Dada, hivi ni vya kupambia," akasema.

"Vya kupambia? Fundi, hizo ni megabaiti nane!"

"Hata zingekuwa themanini. Hizi mashine za DOS, mfumo wa zamani, programu zake zinakaa kwenye kilobaiti mia sita na arobaini za mwanzo. Huko juu jaza unavyotaka, zenyewe hazipandi. Unaniuzia shamba, na mimi shida yangu ni kitanda."

Nilianza biashara na kibanda cha kuuza nyaya, nikapanda mpaka duka lenye milango miwili, na njiani nimeitwa majina mengi. Lakini kuambiwa bidhaa yangu ni pambo, hapana. Nikamwonyesha mashine iliyokuwa pembeni, niliyoinunua kutoka ofisi iliyofungwa. Ukiiwasha, inaamka vizuri. Ukiita programu ya ratiba za magari iliyokuja nayo, inakuandikia kwamba kumbukumbu haitoshi. Mafundi watatu walikuwa wamenawa mikono.

"Kama wewe ni bingwa, fufua ile."

Akakalia kreti lililopinduliwa, akafungua yale mafaili mawili ambayo mashine huyasoma inapoamka, na kwa muda wa kunywa kikombe cha chai akabadilisha mistari saba. Hakuongeza kitu. Alipoiwasha tena, programu ikafunguka kama mlango uliotiwa mafuta.

"Umefanya nini hapo?"

"Nimewapanga tu. Walikuwa wanaingia hovyo, wembamba wanajitandaza kwanza, mnene akifika hana nafasi. Sasa mnene anaingia kwanza." Akasoma namba kwenye kioo kwa sauti, kama mkunga anayetaja uzito wa mtoto: "Kilo mia sita na kumi na nane, huru."

Kwa ujira akataka kibodi. Nikampa moja isiyo na herufi ya R. Wakati namweleza kwamba R si herufi ya lazima sana, yeye tayari alikuwa ameibeba nyingine iliyo nzima, yuko mlangoni. Hapo nikajua nimepata mtu wa kufanya naye kazi.

Jina la Kilo alipewa kwa hiyo tabia ya kutangaza kilobaiti zilizobaki. Jirani yake mmoja aliamini kwa miaka miwili kwamba anauza nyama. Kilo alikuwa mtu mwembamba, wa makamo, anayeishi vyumba viwili na mkewe fundi cherehani. Kazi hii hakufundishwa na mtu. Aliajiriwa kufagia chumba cha kompyuta katika kampuni moja, akaokota nakala ya kitabu cha maelekezo iliyokuwa inatupwa, akaisoma mpaka kurasa zikalegea. Nilipokutana naye hapakuwa na mashine ya zamani mjini ambayo hajaifungua tumbo. Mimi nikawa nauza, yeye anapachika. Mteja akilalamika kwamba mashine imejaa, namtuma Kilo, na jioni imepungua bila kupoteza kitu.

Alinieleza mambo yake mara moja tu, tena kwa lugha ya mwenye nyumba. Kumbukumbu ya mashine hizi, alisema, ni nyumba yenye vyumba mia sita na arobaini. Kila programu ndogo unayoiwasha asubuhi, ya saa, ya printa, ya kibodi, ni mpangaji anayekaa kutwa. Wakijaa, yule mgeni mkubwa unayemhitaji kwa kazi hapati pa kulala. Kwa hiyo unawapandisha wapangaji wadogo darini. Lakini dari si lako lote. Kona nyingine ni za kadi zilizochomekwa ndani ya mashine. Kila kadi ina kona yake ya kuwekea mambo yake.

"Na ukimlaza mpangaji kwenye kona ya kadi?" nilimuuliza.

"Hapo ndipo penye balaa. Pengine mashine itaganda, ukajua umekosea. Pengine haitaganda. Itaendelea kukuchekea, na inachokusomea si kile kilichopo."

Ndiyo maana alikuwa na sharti lake: kona ambayo hamjui mwenyewe wake haipangishi mpaka aichungulie siku nzima ya kazi.

Kampuni moja ya nafaka ilikuwa na ghala karibu na reli, na ndani ya ghala hilo chumba cha dawa. Ni chumba cha zege kisicho na dirisha, kirefu kama mabasi matatu yaliyofuatana, chenye mlango wa chuma unaofungwa kwa gurudumu la mkono. Magunia yanaingizwa, mlango unafungwa, gesi inafunguliwa, na kila mdudu aliyemo anakufa. Kisha feni kubwa inaiondoa gesi. Gesi ile haina rangi. Harufu yake ni kidogo kama kitunguu saumu, na ukishaisikia umeshachelewa.

Kwenye kijumba cha kioo pembeni mwa mlango ilikaa kompyuta ya DOS. Ilikuwa na kadi iliyounganishwa na vipimo vinne mle chumbani, na wafanyakazi waliviita pua. Pua ya kwanza iko mlangoni, ya nne iko kona ya ndani kabisa ambako gesi hung'ang'ania mwisho. Feni ikishazunguka dakika mia na ishirini, programu huitazama pua ya nne. Ikisoma chini ya tano, kioo kinakuwa kijani na kuandika FUNGUA. Zamani zilikuwepo pia karatasi za kupimia, unaipitisha mlangoni, ikigeuka nyeusi unakimbia. Ziliisha, na hakuna aliyeagiza nyingine. Kwa nini waagize, mashine haijawahi kukosea?

Mtu wa kuzungusha lile gurudumu alikuwa mdogo wa mke wa Kilo. Kilo ndiye aliyemwombea kazi. Wao wenyewe wanaitana shemeji, na ghala zima likamwita Shemeji. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, kifua kama pipa, mcheshi. Kazi yake ilikuwa kufungua, kuingia wa kwanza, kutembea mpaka kona ya mwisho na kupiga kelele: "Wamekufa wote, njooni mzike!" Ndipo wapakizi wanaingia, wakianzia magunia ya mlangoni.

Sasa mimi. Meneja wa kampuni alitaka kukaa ofisini kwake ghorofani na kuona namba za chumba cha dawa bila kushuka ngazi. Nilimwahidi. Nikishafaulu pale, ghala lao la pili, kubwa mara mbili, lingekuwa langu kwa kila kitu, kuanzia mashine na nyaya hadi matengenezo. Kazi ilihitaji kadi ya mtandao na programu yake, na programu ile ilikula kilobaiti kumi na nane.

Nilikwenda na Kilo tukasimama mbele ya mashine.

"Zipo kumi na nne," akasema.

"Ongeza nne."

"Natoa wapi?"

"Toa kitu. Toa saa."

"Saa ndiyo inayohesabu dakika za feni, dada. Nikiitoa mlango utafunguka wakati wowote."

"Toa printa."

"Meneja anachapa cheti cha kila shehena. Utamwambia wewe?"

"Darini je?"

Akaivua miwani, akaifuta kwa shati. Nimefanya biashara miaka mingi. Mtu akifuta miwani isiyo na vumbi anacho kitu.

"Zipo nne," akasema mwishowe. "Lakini sijui ni za nani."

"Nne na kumi na nne ni ngapi?"

"Hesabu naijua. Kitabu cha hii kadi ya pua ni nakala, kinaishia ukurasa wa thelathini na moja. Wa thelathini na mbili haupo. Nipe Jumatatu mpaka Jumatano, chumba kikiwa kazini, niichungulie hiyo kona."

"Jumatatu asubuhi meneja anataka kuona. Jumapili yote ni yako."

"Jumapili chumba hakifanyi kazi."

"Ndiyo uzuri wake. Hakuna wa kukusumbua."

Hakucheka. Na mimi sikumtisha. Nilimwambia tu kwamba akishindwa nitamchukua yule fundi wa karibu na stesheni, ambaye angeitoa saa bila kupepesa jicho. Ilikuwa kweli, na Kilo alijua ni kweli. Nilimpa achague kati ya kufanya yeye kwa wasiwasi na kufanywa na mwingine kwa ujinga. Mtu anayeipenda kazi yake ukimwekea mizani hiyo, hana pa kukimbilia.

Jumapili nilimletea chai na mkate. Aliandika kiprogramu kidogo cha kuchungulia zile kilobaiti nne, na kila baada ya saa moja akakiendesha. Sufuri. Sufuri. Sufuri mpaka jioni. Ghala lilikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia panya wakikwaruza kwenye mihimili. Feni ilikuwa imesimama, panga zake zina vumbi.

"Hazina mwenyewe," Kilo akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba akubaliwe.

"Si nilikwambia?"

Akapandisha sehemu ya programu yangu pale, akaiwasha mashine upya, ikaamka bila kigugumizi. Hakutangaza kilo zilizobaki. Nikampa fomu yangu ya makabidhiano, mahali palipoandikwa "nimekagua na kuridhika", akatia sahihi. Mimi sitii sahihi fomu hizo, huzitia fundi. Ndivyo nilivyozichapisha.

Jumatatu meneja aliona namba zake akiwa kwenye kiti chake, akapiga makofi. Na kuanzia wiki ile jambo lingine jema likatokea ambalo hakuna aliyelitarajia. Zamani feni ilizunguka kwa muda wa saa sita, pengine saba, kabla kioo hakijawa kijani. Sasa kilikuwa kijani baada ya dakika mia na ishirini. Malori yaliyozoea kuondoka alasiri yakawa yanaondoka kabla ya chakula cha mchana.

"Mama, mtandao wako unapuliza mpaka hewa?" meneja akanitania.

"Hiyo ni ya bure, bosi. Ya kulipia bado hujaiona."

Tulicheka wote wawili. Sikuuliza swali. Mtu anayekuja kuniuliza kwa nini faida imezidi bado sijampata, na mimi sikutaka kuwa wa kwanza.

Shemeji alianza kulalamika kichwa wiki ya pili. Alisema kinagonga kama kinu. Alitapika mara mbili, akasingizia maharage ya kantini. Dada yake akamgombeza kwamba nguo zake zinanuka saumu, yeye akajibu: "Basi nioshe, unipike." Siku moja nilipopita ghalani nilimwona akijaribu kuwasha sigara. Kiberiti kilikuwa upande huu, sigara upande ule, na mikono yake miwili ilikuwa inakwepana. Aliponiona akaitupa sigara.

"Naacha," akasema. "Daktari amekataza."

"Daktari gani?"

"Huyo nitakayemwona."

Jumanne ya wiki ya tatu Kilo akaja dukani kwangu na karatasi. Alikuwa amenakili kutoka daftari la mlangoni muda wa feni wa kila ufunguzi. Juu zilikuwa saa sita na dakika kumi, saba na dakika ishirini na tano, tano na dakika hamsini. Kisha mstari. Chini ya mstari: mia na ishirini, mia na ishirini, mia na ishirini. Mara kumi na moja.

"Soma," akasema.

"Nimesoma. Ni sawasawa zote."

"Hewa haiendi hivyo, dada. Siku moja kuna joto, siku nyingine unyevu, siku magunia yamepangwa juu juu, siku yamebanana. Hewa haiwezi kuwa na adabu kiasi hiki."

Nilimwelewa, lakini uso wangu ni wa biashara, haukusogea. "Unataka nini?"

"Nimtoe mpangaji wako. Leo."

"Ijumaa asubuhi meneja anatia sahihi ghala la pili. Ukitoa leo, namba zinapotea ofisini kwake, anaghairi. Ijumaa mchana toa, hata kompyuta yenyewe uibebe mgongoni."

"Kabla ya Ijumaa chumba kinafunguliwa mara mbili. Kesho na keshokutwa."

"Kimeshafunguliwa mara kumi na moja na hakuna aliyekufa."

Nililisema hilo. Sina sababu ya kulitia sukari leo.

Kilo akakunja karatasi yake mara nne. "Anayeingia ni mdogo wa mke wangu."

"Basi simama naye. Nenda ukakague kila ufunguzi. Nitamwambia meneja nimekutuma kufanya matengenezo."

Tukakubaliana hivyo. Yeye alipata ruhusa ya kusimama mlangoni, mimi nikapata siku tatu. Alipotoka hakuniaga.

Jumatano alimchelewesha Shemeji kwa hila. Alisema kibodi ina uchafu, akaifungua yote, akaosha kitufe kimoja kimoja kwa spiriti, na muda wote huo feni inazunguka. Kitufe cha mwisho kiliporudi mahali pake ilikuwa alasiri. Siku ile Shemeji hakuumwa kichwa. Hilo peke yake lingetosha kumwambia mtu mwenye masikio.

Alhamisi hila hazikuwa na nafasi. Kulikuwa na malori matano uani, injini zinanguruma, na meneja mwenyewe ameshuka akiwa na wageni kutoka makao makuu aliotaka waone maendeleo. Mimi nilikuwepo, nimevaa vizuri. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeingia mpaka katikati ya ghala, na kila mmoja aliweza kuona kioo kikigeuka kijani.

FUNGUA.

"Subirini," Kilo akasema. Alikuwa kwenye kijumba cha kioo, amefungua ukurasa wa pili wa programu, ule ambao hakuna mtu aliyeujali, unaoonyesha pua zote. "Meneja, njoo uone. Ya kwanza tatu. Ya pili nne. Ya tatu tisa. Ya nne, ya kule ndani kabisa, mbili. Uvunguni kumekuwa safi kuliko sebuleni? Feni iko mlangoni!"

"Nani aliyeipanga hii mashine?" meneja akauliza.

"Mimi."

"Inasema nini?"

"Inasema fungua, lakini..."

"Basi." Akageuka. "Fungua, bwana, wageni wana safari."

Shemeji akashika gurudumu. Aliona aibu kwa niaba ya shemeji yake, nikaiona usoni pake, akajaribu kuifunika kwa utani. "Shemeji, umeipika mwenyewe halafu unaogopa kuonja?"

Akazungusha. Mara moja, mara mbili. Mlango ukaachia, ukatoa ule mvumo wa chuma kinachoondoka kwenye mpira. Ufa ukafika upana wa kiganja, kisha wa bega. Shemeji akaweka mguu ndani.

Kilo hakubishana tena. Alipitisha mkono nyuma ya kompyuta, akang'oa waya wa umeme. Kioo kikafa.

"Funga!" akapiga kelele. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Shemeji, funga mlango! Mashine haipo, sheria inasema usiingie! Funga!"

"Umechanganyikiwa?"

"Nimechanganyikiwa, ndiyo! Funga kwa ajili ya dada yako!"

Sijui kama ni sheria au ni dada. Shemeji akautoa mguu, akausukuma mlango kwa mgongo, akazungusha gurudumu huku akiwacheka wageni, kama anawaomba radhi. Kilo akachomeka waya, akatia disketi yake yenye mpangilio wa zamani, usio na programu yangu, akaiwasha.

Mashine zile hazina haraka. Zinaanza kwa kuhesabu kumbukumbu yao, namba zinapanda taratibu pembeni mwa kioo, na watu wazima tisa tukasimama tukizitazama zikipanda. Programu ikafunguka. Pua ya kwanza: tatu. Ya pili: nne. Ya tatu: tisa.

Ya nne: mia tatu na arobaini.

Shemeji aliisoma mara mbili, midomo inachezacheza. Kisha akaketi juu ya gunia, taratibu, akaitazama mikono yake. Alikuwa ameingia mle mpaka kona ya mwisho mara kumi na moja za asubuhi, na ile moja ya Jumatano. Aliinua kichwa, akamtazama Kilo. Wapakizi wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja kuelekea uani, kama watu walioona nyoka na hawataki kumshtua.

Baadaye Kilo alipata ukurasa wa thelathini na mbili kutoka kwa fundi wa mji mwingine. Uliandika wazi: pua ya nne iliongezwa baadaye, na kona yake darini hutumika pale tu feni inapozunguka. Jumapili ile feni ilikuwa imesimama. Kona ilikuwa na mwenyewe, ila mwenyewe hakuwepo. Tulipomweka mpangaji wangu pale, kadi ikawa inasema, na programu ya pua haiisikii. Inasoma kilicholala pale. Ile namba mbili tuliyoiamini wiki tatu haikuwa hewa. Ilikuwa kipande cha bidhaa yangu.

Kulikuwa na kikao. Meneja aliuliza nani alikagua. Nilifungua mkoba, nikaweka fomu mezani. Hakuna aliyenilazimisha, niliona tu kwamba mtu wa kwanza kuweka karatasi mezani ndiye anayetoka na kazi yake. Kilo angeweza kusema kwamba alitaka Jumatatu mpaka Jumatano nikampa Jumapili. Angeweza kusema kwamba Jumanne alikuja kwangu na orodha. Aliivaa miwani, akaisoma fomu yote mpaka chini.

"Sahihi ni yangu," akasema.

Akapigwa marufuku kwenye kampuni ile, na habari ikatangulia mbele yake kila alikokwenda. Shemeji alilazwa mwezi mzima. Alitoka akiwa hai, kifua kimenyauka, na mikono ambayo kikombe inakishika yote miwili na bado chai inamwagika. Kampuni ikaagiza karatasi za kupimia na kuamuru mlango ufunguliwe na watu wawili wenye vinyago. Kisha, wiki sita baadaye, meneja akanitilia sahihi ghala la pili. Mtu mwingine wa kumpa hakuwa naye.

Hapo ndipo nilipokwama. Mashine ya ghala la pili ilikuwa ya ukoo uleule, imejaa vilevile. Nilipeleka fundi wa stesheni, ikaganda. Nikapeleka wengine wawili, wakaiacha haiamki kabisa. Miezi miwili ikapita, meneja akaanza kuniita "mama" kwa sauti nyingine. Nikavaa viatu nikaenda kwa Kilo.

Mkewe alikuwa barazani na cherehani. Aliniona, na mguu wake haukutoka kwenye pedeli. Shemeji alikuwa amekaa ukutani, mikono ameikalia. Kilo alikuwa anatengeneza cherehani nyingine, sasa ndiyo kazi yake, anawatengenezea mafundi wenzake na mkewe.

"Karibu, dada," akasema, kama vile nilipita jana.

Sikuzunguka. Nikamwambia ninachotaka. Akaingia ndani akarudi na daftari la jalada gumu. Kila mashine ya zamani mjini ilikuwa na ukurasa wake: dari limechorwa kwa rula, kila kona ina jina la mwenyewe. Ukurasa wa ghala la pili ulikuwepo. Alishaifungua miaka mingi nyuma.

"Nitakunakilia huu," akasema. "Fundi yeyote anayejua kusoma atafanya kazi."

"Bei?"

Akafungua ukurasa wa ghala la kwanza. Chini ya mchoro alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa mtu asiye na haraka, kwamba kilobaiti nne za kona ile zilichukuliwa kwa agizo langu, kwamba muda wa kuchungulia niliukataa mimi, na kwamba Jumanne kabla ya ile Alhamisi niliarifiwa.

"Sahihi hapo," akasema.

"Fundi, punguza. Andika 'kwa makubaliano'."

"Hapana."

"Ondoa Jumanne basi. Mengine nitatia."

"Jumanne ndiyo bei yenyewe."

Nilijaribu njia nne nyingine. Nimewahi kumshusha bei mtu aliyekuwa ameshika bunduki, lakini pale barazani sikupata hata koma moja. Mwisho nikauliza: "Utaipeleka wapi?"

"Sijui bado."

Nikatia sahihi. Mke wa Kilo akasimamisha cherehani kwa mara ya kwanza tangu nifike, akalichukua daftari mkononi mwangu nilipotaka kulifunika.

"Acha wino ukauke kwanza, dada," akasema, akaenda nalo ndani. Nikasikia kufuli la sanduku.

Ghala la pili linafanya kazi mpaka leo, na linanilisha. Kilo hajanidai kitu, hajanitumia mtu, na jina lake halijarudi. Shemeji hatazungusha gurudumu tena. Mimi nina maghala mawili. Wao wana ukurasa mmoja. Mke wa Kilo hukutana nami sokoni mara kwa mara. Hunisalimia vizuri mno, huuliza biashara inaendaje, huniuliza mpaka habari za watoto wangu mmoja mmoja, na hunishika mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika.